Wimbo Kando ya Nguzo

Mwezi uliopita tulimzika Thandeka, na kabla hatujamaliza hata kunawa mikono getini kwa dada yake, Gavin, aliyekuwa mkurugenzi wetu wa maonyesho, alikuwa ameshaanza kuhutubia. Amezeeka, anatembelea mkongojo, lakini ile sauti ya kuamrisha watu haijapungua. Alisimama chini ya turubai, sahani ya wali na nyama mkononi, akawaeleza waombolezaji kwamba kundi letu la maonyesho lilikuwa nchi nzima juu ya jukwaa moja: tulikuwa na weusi, weupe, Wahindi, hata Wakongo. Alisema hivyo, hata Wakongo. Hao Wakongo ni mimi. Nilikuwa peke yangu. Kisha akasimulia habari ya ule usiku wa Sandton, na jinsi wazo lile "lilivyomjia". Binti yangu, ambaye anaelewa kila neno la Kiswahili changu lakini hunijibu kwa Kiingereza, alinifinya mkono, akaninong'oneza nisiharibu msiba wa watu. Sikuharibu. Nilitafuna wali wangu nikimtazama yule mzee anavyopokea pole kwa niaba yetu sote, kama mfiwa mkuu, na nikajiambia kwamba nikifika nyumbani nitaandika mwenyewe, maana tukiendelea kumwachia Gavin kumbukumbu zetu, mimi nitakuwa pambo tu katika maisha yangu.

Sitaeleza nilikotoka. Kila aliyewahi kunihoji alianza hapo, vita, mpaka, basi, na akaishia hapo hapo, kana kwamba nilizaliwa njiani. Naanza nikiwa tayari Johannesburg, nina miaka ishirini na miwili, katika chumba cha Bertrams nilichoishi na Yaya Régine, yaani dada mkubwa kwa lugha ya kwetu, msusi kutoka Lubumbashi. Hakuwa ndugu yangu wa damu, lakini alijitwalia haki zote za kunigombeza. Chumba chetu kilikuwa nusu ya sebule ya zamani. Nusu ya pili walikaa Warundi wawili waliofanya kazi ya ulinzi, na kati yetu palikuwa na ubao mwembamba kiasi kwamba sisi tuliwasikia wakisali na wao walitusikia tukigombana. Tulipika bugali na sombe, yaani kisamvu, kwenye jiko la umeme lenye sahani mbili, moja imekufa. Siku za mechi kelele za uwanja wa Ellis Park ziliingia dirishani bila hodi, na Yaya Régine alikuwa akiwajibu washabiki kwa Kifaransa, matusi matupu, huku akikoroga chungu.

Ni yeye aliyenipeleka kwa Gavin bila kukusudia. Aliitwa kusuka wachezaji wa onyesho jipya katika ukumbi uliokuwa ghala la samani, mwendo mfupi kutoka kwetu, nami nikamfuata kumpasia nywele za bandia. Nilikuwa naimba tu, wimbo wa kwaya, kwa kujipunguzia uchovu. Gavin akatokea mlangoni, akauliza ni nani anaimba, na kabla ya wiki kwisha nilikuwa nimevishwa gauni la kijani linalometameta, nimesimamishwa kando ya nguzo ya mbao iliyopakwa rangi ya marumaru. Yaya Régine alifurahi kuliko mimi. "Weye uko na bahati," alisema. "Watu banatafuta kazi, weye kazi njo inakutafuta."

Onyesho lenyewe lilikuwa heshima kwa zile filamu za zamani za Hollywood ambazo hadithi zake ni za watu wanaoandaa onyesho. Mnajua zilivyo: msichana mgeni anafika mjini, mkuu wa onyesho anapiga kelele, nyota anaumia mguu, msichana anaruka jukwaani na kuokoa kila mtu. Gavin alizipenda kama watu wengine wanavyopenda dini. Kila Jumatano asubuhi alivuta televisheni ya magurudumu katikati ya ukumbi, akatukalisha sakafuni na vikombe vya chai ya rooibos, akatuonyesha. Na niseme ukweli, mimi pia nilizipenda. Bado nazipenda, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Ngazi nyeupe pana kuliko barabara, wasichana wakishuka kwa mguu mmoja, visigino vyao vikigonga kwa pamoja mpaka unasikia kifuani. Chumba cha kujipamba chenye taa kuzunguka kioo. Mwanamume akisema, "Nenda pale jukwaani ukawaonyeshe," na wewe uliyekaa sakafuni Bertrams unahisi anakwambia wewe. Hakwambii wewe. Ukitazama kwa macho ya mtu anayejitafuta, mji mzima wa Marekani umejaa watu, magari yanapigana vikumbo, na mweusi ni nani? Ni yule mama mwenye pini mdomoni anayemfunga nyota gauni. Ni mzee anayebeba masanduku kituoni huku akicheka bila sababu. Mchina ni mzungu aliyevutwa macho kwa gundi. Kupenda kitu kisichokuwekea kiti ni kazi inayochosha, na nimeifanya maisha yangu yote.

Thandeka alikaa karibu nami Jumatano hizo. Sis' Thandeka, ndivyo tulivyomwita, kwa sababu alikuwa mkubwa wetu kwa miaka kumi hivi na alikuwa na mtoto wa kiume shuleni Soweto. Yeye aliigiza mtumishi anayemvisha nyota. Alikuwa na maneno mengi ya kusema jukwaani, na karibu yote yalikuwa "Ndiyo, madam." Alikuwa akiyasema kwa namna nyingi mno hivi kwamba ungedhani ni lugha nzima: ndiyo ya dharau, ndiyo ya huruma, ndiyo ya mtu anayejua mume wa madam yuko wapi. Asubuhi moja filamu ilifika mahali ambapo shujaa, mzungu mzuri tu, anaketi mbele ya kioo na kujipaka masizi usoni ili akaimbe kama mtu mweusi. Gavin akaruka na kushika rimoti.

"Hii tuiruke," alisema. "Haifai. Mambo ya zamani."

"Usiruke," Thandeka akasema. "Rudisha. Tuone anavyojipaka."

"Thandeka, itawaumiza watu."

"Watu gani? Sisi tuko hapa. Rudisha."

Hakurudisha. Alipeleka mbele kwa kasi, yule mtu akawa anarukaruka na uso wake mweusi kama mdudu, kisha akawa mweupe tena, na Gavin akashusha pumzi kana kwamba ameondoa tatizo lenyewe duniani. Mpaka leo nikisikia mtu anasema kazi fulani "imesafishwa", namwona Gavin na rimoti yake.

Halafu, Jumatano nyingine, tukamwona mwanamke wa nguzo. Katikati ya filamu, bila hodi, anatokea mwanamke mweusi wa gauni la kung'aa, ameegemea nguzo, anaimba. Anaimba vizuri kuliko kila mtu aliyetangulia na kila mtu aliyefuata. Ukumbi mzima tuliacha kunywa chai. Akamaliza, akatabasamu, picha ikabadilika, na hakuonekana tena. Hakuna mtu katika hadithi aliyemsalimia, wala aliyeuliza alikotoka. Nikauliza kwa nini. Gavin akafurahi, maana alipenda maswali yenye majibu anayoyajua. Akafungua sandwichi yake, akatueleza kwamba nyimbo za namna hiyo ziliwekwa pembeni kwa makusudi. Kulikuwa na sehemu za kusini mwa Marekani ambako wenye sinema hawakutaka kuonyesha mweusi aliyependeza hivyo, basi waliikata ile sehemu kwa mkasi, wakaunganisha filamu, na hadithi ikaendelea bila hata kovu. "Werevu, sivyo?" alisema, mdomo umejaa mkate.

Nilifungua karatasi zangu. Onyesho letu, sehemu ya pili: nguzo, gauni, wimbo, taa zinazimika. Kabla ya hapo msichana analia chumbani, baada ya hapo msichana bado analia chumbani. Katika orodha ya wahusika nilikuwa "Mwimbaji" tu. Nikamwuliza Gavin kama wimbo wangu nao unakatika.

"Wako ni tofauti kabisa," alisema. "Wako ni kuwaenzi hao."

"Basi nipe sentensi moja. Mtu mmoja aseme nami."

"Zama hizo mwimbaji kama wewe asingeongea na nyota. Tunalinda ukweli wa zama."

"Lakini yule mhusika wa fundi taa anafanya mzaha wa simu ya mkononi katika sehemu ya kwanza."

Akasema tutaona. Tuliona kwa miezi. Nilimwomba kabla ya mazoezi, nikamwomba baada ya mazoezi, nikamwomba siku tuliyofungua onyesho, na kila mara alinishika bega na kunikumbusha kwamba wimbo wangu ndio watu wanaousimulia wakienda nyumbani. Ilikuwa kweli. Walipiga makofi mpaka nguzo ikatikisika. Halafu walinisahau, kwa sababu hadithi yenyewe iliwaruhusu kunisahau.

Jumapili moja Thandeka alikuja kula kwetu. Yaya Régine alikuwa anamsuka jirani pale pale kitandani, sisi tumekaa chini na bakuli la sombe katikati, na mimi nalalamika kama kawaida. Thandeka alikuwa anatazama vile vidole vinavyoingiza nywele za bandia ndani ya nywele za mtu.

"Wimbo wako ni wigi," alisema ghafla. "Mtu anauvua anavyotaka. Tuusuke."

"Tuusuke vipi?"

"Mimi nina maneno na sina wimbo. Wewe una wimbo na huna maneno. Gavin atatuzuia akituona mapema. Basi asituone mapema."

Jumamosi iliyofuata, mbele ya ukumbi uliojaa, nilikuwa nimemaliza ubeti wa mwisho, ule wa Kiswahili ambao niliutunga mwenyewe na ambao Gavin aliupenda kwa sababu aliusikia kama ladha. Thandeka akatokea upande wa pili akiwa na vile viatu vya kuchezea ambavyo msichana wa hadithi anavihitaji. Kwa kawaida alivipeleka yeye. Akaja moja kwa moja mpaka kwenye nguzo, akanipachika viatu mikononi. "Mpelekee wewe, dada," alisema kwa sauti ya kufika nyuma kabisa. "Mimi leo miguu imegoma." Watu wakaangua kicheko. Taa hazikuzimika, kwa sababu mtu wa taa alikuwa anacheka pia. Sikuwa na la kufanya ila kutembea, na gauni langu la kijani, mpaka ndani ya chumba cha kujipamba ambacho sikuwahi kukanyaga, nikamkabidhi Lindie viatu vyake.

Lindie ndiye aliyeigiza msichana. Alikuwa binti wa Turffontein, baba yake alitunza farasi pale uwanja wa mbio, na alikuwa na akili ya kujua farasi anapobadilisha mwendo. Alivipokea. Akanitazama usoni, na akasema neno ambalo halikuandikwa popote: "Asante. Unaitwa nani?"

"Mapendo," nikasema. Jina langu lenyewe, maana halikunijia jingine.

Gavin alitufokea korido nzima, kisha watu wakaanza kumpongeza kwa kile kipande cha viatu, naye akapunguza sauti, na kufikia Jumanne kilikuwa ni kipande chake. Sikujali. Kwa majuma kadhaa nilikuwa ndani ya hadithi. Nilitoka kwenye nguzo, nikatembea, nikaulizwa jina, nikajibu. Yaya Régine alikuja kuniona akiwa amejifunga liputa lake, kile kitenge cha harusi, na nilipotaja jina langu alipaza sauti kutoka kiti cha nyuma, "Njo yeye!", yaani ndiye huyo. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua kwamba inaweza kupatikana kazini.

Kisha benki moja ya Sandton, kule kwa matajiri, ikatukodi kwa usiku mmoja, kuwaburudisha wateja wake. Walitaka onyesho lifupishwe. Gavin aliniita pembeni akiwa na uso wa mtu anayeleta zawadi. "Habari njema," alisema. "Wimbo wako tumeshindwa kuukata. Umeingia mno kwenye hadithi."

Nikamshukuru.

"Kwa hiyo Lindie ataimba," akaendelea. "Ukifikiria, ni yeye mwenye hadithi, na benki inamtaka yeye awe katikati. Wewe utamfundisha ule ubeti wa Kiswahili. Hakuna mwingine anayeweza, Mapendo. Wewe ni wa lazima."

Nimejaribu mara nyingi kueleza jinsi nilivyohisi, na kila mara naishia kucheka, kicheko kibaya. Kwa miezi nilipigania wimbo usikatike. Ulipoacha kukatika, ukawa na thamani, na ulipokuwa na thamani, ukapata mwenyewe mwingine. Nilimkimbilia Thandeka nikitegemea aseme tuache kazi sote wawili. Yeye akasema nimfundishe Lindie, tena nimfundishe vizuri. Nilimwambia ameshazoea kusema "Ndiyo, madam" hata akiwa nyumbani. Akaendelea kupiga pasi kola.

Lindie alikuja Bertrams mchana wa Alhamisi. Yaya Régine alimpa bugali kabla hajamwuliza alichofuata, akamwonyesha jinsi ya kuufinyanga kwa vidole. Halafu nikaanza kumfundisha. Ubeti ulisema taa zimewaka, mlango uko wazi, niite kwa jina langu. Nilipofika mstari wa mwisho nikaubadilisha. Nikamfundisha aseme, "Wimbo huu si wangu, mwenyewe yuko nje." Alirudia mara kadhaa, ulimi wake ukijikwaa kwenye "mwenyewe", kisha akauliza maana yake. Ningeweza kumdanganya. Warundi upande wa pili wa ubao walikuwa wamesogea ubaoni, wanasubiri. Nikamwambia maana yake, neno kwa neno.

Lindie alifinyanga tonge jingine. "Gavin hajui Kiswahili," alisema.

"Hajui."

"Basi nisahihishe hapo kwenye 'mwenyewe'. Nataka litoke sawasawa."

Usiku wa Sandton tulipandishwa lifti ya mizigo pamoja na meza. Mimi nilipewa aproni nisaidie kuvisha watu. Nilisimama nyuma ya pazia na pini mdomoni, ndiyo, najua, na nikamsikiliza Lindie akiimba wimbo wangu akiwa ameegemea nguzo yangu. Aliuimba vizuri, na hilo pia lilinikera. Akafika kwenye ubeti wa Kiswahili, taratibu, kila neno limekamilika kama sarafu. Wimbo huu si wangu, mwenyewe yuko nje. Wateja wakatabasamu kwa adabu. Lakini meza moja ya upande wa kulia ilikuwa imejaa Wakenya wa benki hiyo, na pale uma zikasimama. Mama mmoja, bado amevaa kitambulisho cha kazi shingoni, akanyanyuka na glasi yake.

"Ati mwenyewe yuko nje?" aliuliza kwa sauti. "Nje wapi? Si mumwite!"

Meza yake ikacheka, wengine wakacheka bila kujua wanachochekea. Lindie hakusonga. Thandeka alikuwa jukwaani na viatu mkononi. Kiswahili chake kilikuwa cha vyakula na matusi ya Yaya Régine tu, lakini kuwasoma watazamaji alijua. Alimtazama yule mama Mkenya, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Ndiyo, madam." Sikuwahi kuisikia ndiyo ya namna ile. Akaja nyuma ya pazia, akanitoa pini mdomoni moja moja, akanishika mkono, akanitoa nje na aproni yangu.

Niliimba tangu mwanzo. Sikumbuki makofi, nakumbuka kwamba wale Wakenya waliudaka ubeti wa mwisho ule wa asili nilipourudia, wakauimba nami kwa matamshi yao, na Lindie alikaa sakafuni, miguu imekunjwa kama mtoto wa shule, akisikiliza.

Gavin alinifikia kabla sijafungua aproni. Macho yalikuwa yanamwaka. Nilidhani nafukuzwa. "Kila usiku!" alisema. "Tutaifanya kila usiku! Lindie anaimba, mtu anauliza mwenyewe yuko wapi, wewe unatoka na aproni. Tutamweka mtu wetu miongoni mwa watazamaji wa kuuliza."

"Aproni pia?" nikauliza.

"Aproni ndiyo yote, Mapendo! Aproni ndiyo inayowaliza!"

Nikamwambia hapana. Akaniuliza ninachotaka hasa, maana kila ninachoomba nikipewa nakataa, na aliuliza kwa mshangao wa kweli kabisa, mtu mwema aliyechoshwa na mimi. Nikamwachia aproni begani, nikatoka. Nyuma yangu nilimsikia akimwuliza Thandeka kama anamjua Mkongo mwingine anayeimba.

Thandeka mwenyewe alibaki. Alibaki mpaka onyesho lilipofungwa mwishoni mwa mwaka, na mimi nikarudi kupasia nywele saluni, tumenuniana. Siku ya Krismasi alikuja Bertrams na mwanawe na kuku, Yaya Régine akafunga mlango kwa ufunguo, akautia ufunguo ndani ya sidiria, akasema hatoki mtu mpaka tuongee. "Umeondoka vizuri sana," Thandeka akaniambia. "Watu walikuona. Na kesho yake nani alikuwa juu pale? Mtoto mweusi akiletwa na shule yake, anamwona nani anasema hata neno moja? Anakuona wewe uliyeondoka?" Nikamwambia afadhali asione mtu kuliko kumwona anayesema ndiyo. Akaniita mjinga. Nikamwita madam. Tukala kuku.

Hatukukubaliana siku ile, wala miaka yote iliyofuata. Tulibishana harusini kwangu, tulibishana mwanawe alipohitimu, tulibishana kwenye simu mpaka salio likatika. Watu walidhani hatupendani. Juma moja kabla hajafariki nilimkuta hospitali, simu imeegemezwa kwenye glasi ya maji, anatazama moja ya filamu zile. Nyota analia mbele ya kioo, na nyuma yake yumo yule mama mweusi wa siku zote, anamfunga vifungo mgongoni.

"Mtazame," Thandeka alisema, pumzi zinamkatika. "Usimtazame huyo anayelia. Mtazame huyu. Ona mikono inavyofunga. Hakuna aliyemwambia aigize hapo, lakini anaigiza. Anamjua huyu binti kuliko mama yake."

"Na bado hana jina," nikasema. Sikuweza kujizuia, hata pale.

Alinitazama kwa yale macho ya kuchoshwa nami, akasimamisha picha kwa kidole. "Basi mpe."

Nikasema Grace. Akasema Grace ni jina la watumishi wa Wazungu, nimpe la maana. Nikasema Nomvula, jina la kwao. Akasema mama huyu ni wa Marekani, atakuwaje Nomvula. Nikamwuliza sasa anataka nini, jina la maana au jina la Marekani, maana amekuwa kama Gavin. Alipaza sauti, nami nikapaza yangu, mgonjwa wa kitanda cha pili akatoa maoni yake kwa Kisotho, na tukaendelea hivyo mpaka nesi akaja kutunyamazisha.